Pamba Chini ya Kifutu

Bunda, Jumanne jioni. Mvua imenyesha tangu asubuhi, ikakatika, ikarudi. Nimechoka mpaka kope zinaniuma.

Leo nimegundua kwamba nimekuwa nikimuua nyoka niliyepewa kumtunza.

Ni kifutu jike, wa kwanza kuletwa kwenye banda letu la nyoka. Mzee Magesa, mwenye banda, alimtoa kwenye shamba moja kule Butiama siku ambayo watu walikuwa wameshashika mawe. Tunamwita Bibi. Ana sumu ya kutosha kunizika, lakini wageni wakija ndiye wanayempenda, maana ni mnene na hana haraka.

Wiki mbili zilizopita ngozi yake ilianza kufifia. Nikasema anakaribia kujivua gamba. Nyoka anayejivua anahitaji unyevu kidogo, basi nikawa namnyunyizia maji asubuhi na jioni. Mzee aliniagiza nitandike magazeti, lakini mimi nilitandika mabaki ya pamba ambayo shemeji yangu hunipa kutoka kiwandani. Nani Bunda atahangaika na magazeti wakati pamba imejaa? Nilijiona mjanja kweli.

Pamba ikishanyonya maji haiyaachii upesi. Nimezaliwa na kulelewa kwa wakulima wa pamba, na hilo sikuliwaza.

Leo gamba lilikuwa bado halijatoka. Bhoke, mwenzangu wa kazi, akasema tumkague vizuri. Tukamwongoza kwa fimbo mpaka kichwa kikaingia kwenye bomba la plastiki, nikamshika pale bomba linapoishia, Bhoke akamgeuza. Magamba ya tumbo yamekuwa ya kahawia, yameinuka, na kati yake kuna malengelenge. Harufu yake bado ninayo puani.

Bhoke hakunigombeza. Alisema tu, "Ulikuwaga unamwangalia mgongo."

Ni kweli. Mgongo wa kifutu ni mzuri, ukiuona unaridhika.

Tumemsafisha kwa dawa aliyotuelekeza daktari wa mifugo kwa simu, tukamkausha, tukamlaza juu ya magazeti tuliyoomba kwa mama muuza vitumbua. Muda wote huo Bibi hakufoka hata mara moja. Kifutu asiyefoka! Hilo ndilo lililonitisha kuliko vidonda.

Saa kumi nikampigia Mzee, yuko msibani Buswahili. Nilikuwa nimeshapanga kusingizia mvua. Ulimi ukakataa, nikamwambia ni pamba, na aliyeiweka ni mimi. Nikasikia watu wakiimba nyuma yake. Kisha akauliza, "Na wale wengine mmewageuza?"

Hatukuwa tumewageuza.

Masanduku sita, pamba ileile. Tumeivuta nje kwa reki ndefu kabla jua halijazama, ila matumbo hatujayaona. Mzee ametukataza katakata tusimshike nyoka mwingine leo. Kwake mikono iliyochoka haishiki nyoka.

Nimekaa mlangoni mwa banda. Humo ndani, mbali na Bibi, kuna swila wawili, koboko mmoja na vifutu watatu. Asubuhi, mikono ikishapumzika, nitaanza na koboko, aliye hatari kuliko wote.

Kwa leo nawaona migongo tu, na wote wanaonekana wazima.