Jino la Zizi la Ndama

Baba,

Mwangaluka. Nilitaka kukusalimu kwa magoti kama ulivyotulea, lakini kuandika huku nimepiga magoti nimejaribu, kalamu inakataa. Basi nimekaa kitini, kwenye meza ya cherehani, na wewe pokea salamu kama vile nimepiga. Huku tuko wazima kwa neema ya Bwana. Mvua imeonja tu, haijakaa. Kabula, kitukuu chako, ameng'oka jino la mbele. Akalirusha juu ya paa kama watoto wote, ila paa langu siku hizi ni bati, likateleza likarudi likamgonga kichwani. Anasema bati limemkatalia.

Nakuandikia kwa sababu nimepata jibu. Lile swali lako la miaka yote, ulilomuuliza mpima pamba, ukamuuliza bwana mifugo, ukamuuliza hata mchungaji siku aliyokuja kukubatiza uzeeni, na wote wakaligeuzageuza lile jino mikononi wakasema hawajui. Sasa linajulikana, baba. Ngoja nikupe kwa utaratibu, maana nikikurupuka nitakusikia ukisema, "Minza, anzia pale ng'ombe alipotoka."

Tangu tukuzike, jino lako halikupata amani. Wewe uliliokota ungali kijana, kwenye ukingo wa mto baada ya mafuriko, kubwa kama kiatu cha mtu mzima, zito, na juu lina mifereji kama ubao wa kufulia. Mwamapalala nzima ikasema ni jino la lile jitu la hadithi, lililomeza watu na ng'ombe wao mpaka nchi ikabaki kimya. Wewe hukukubali wala hukukataa. Ulilibeba ukaliegemeza kwenye mlango wa zizi la ndama usifunguke, ukasema, "Lilimeza ng'ombe, sasa lichunge ndama." Watu wakacheka, lakini mwizi hakusogelea lile zizi. Nasi watoto tulilikalia tukinywa maziwa.

Ulipoondoka, ndama wa kaka Maduhu wakaanza kufa, mmoja akifuata mwingine. Watu wakasema jino linadai mwenyewe. Akatokea mganga, akalitaka akalisage dawa. Maduhu hakumpa. Alilifunga kwenye gunia, akalipakia kwenye basi la Bariadi, na ujumbe wake nikaupata kwa mdomo wa kondakta, mbele ya watu: "Ulimchukua yeye, chukua na jino lake."

Unajua alichomaanisha. Wewe ni mzee mwenye mji wako, mwenye ng'ombe wako na mtoto wa kiume, halafu ukaenda kufia nyumbani kwa binti, kwa mkwe wako. Msibani Maduhu alichimba kaburi na wenzake, akapokea pole za watu, lakini mimi alinipita kama anapita kisiki. Na mimi nilishindwa kumwambia kwa nini ulikuja, kwa sababu nami hukuniambia. Ulifika tu na fimbo yako na blanketi, ukasema, "Nimekuja kukaa kwako kidogo." Kidogo ikawa mwaka.

Basi jino likakaa chini ya kitanda changu. Mama Yunis, yule anayetuongoza kwenye maombi ya Alhamisi, aliliona siku alipokuja kunisaidia kufagia. Akarudi nyuma kama ameona nyoka. Akaniambia lile ni sanamu, lichomwe, na mpaka lichomwe maombi hayataingia tena kwangu. Si mtu mbaya, baba, ananipenda, ndiyo maana anaogopa. Lakini mimi ningechomaje kitu nisichokijua? Kumrudishia Maduhu ni kumpa mganga. Kulichoma ni kukuchoma wewe. Nikaomba, nikasema, Bwana, vyote umeviumba wewe, hiki nacho ni chako au si chako? Nionyeshe.

Siku hizi nauza mitumba. Tangu biashara ifunguliwe kila mtu anauza kitu. Pamba yenyewe inanunuliwa na matajiri wa kila rangi, kila mmoja na mzani wake, na kile chama chako cha ushirika kimebaki jina. Kwa hiyo naenda Mwanza kuchukua marobota. Wenzangu wa mitumba wakaniambia mjini kule imefunguliwa nyumba ya makumbusho, ya wanyama na mambo ya sayansi, watoto wanaruhusiwa kushika vitu, na mlangoni hawatozi hata senti. Mmoja akasema cha bure ndicho ghali, watakutoza ndani. Nikasema tutaona. Shule zilikuwa zimefungwa, nikamchukua Kabula, nikalitia jino kwenye kikapu nikalifunika na kanga. Ndani ya basi baba mmoja aliniuliza kama nimebeba jiwe la kusagia. Nikamjibu ni jino. Akahamia kiti cha nyuma.

Unajua hiyo nyumba ni nini? Ni ghala la pamba. Lile lile la chama, mzigo wako ulikokuwa unapelekwa na malori. Ulikuwa unaniuliza, hivi pamba yetu inaishia wapi? Iliishia pale, baba. Wamepaka chokaa, wamefungua madirisha makubwa, lakini ukiweka pua ukutani bado unaisikia. Niliweka pua. Kabula akaniuliza nafanya nini, nikamwambia namnusa guku, babu yake.

Sasa nicheke kidogo. Pale mlangoni kuna mzee amekaa kwenye jiwe, amejifunga ngozi, ameshika jiwe kama anachonga kitu. Mimi nikajua ndiye mwenye mji. Nikapiga magoti, nikamwamkia, mwadila. Kimya. Nikadhani mzee hasikii vizuri, nikaongeza sauti, mwadila guku. Watoto wa mjini wakaanza kubonyezana. Kabula akaniinamia sikioni akasema, "Bibi, huyo hapepesi." Kumbe ni mtu wa kutengenezwa, wa kuonyesha watu wa kale walivyochonga mawe. Niliinuka nikajipangusa magoti. Lakini nakwambia kweli, sikuona aibu sana. Afadhali kusalimu sanamu kuliko kumpita mzee.

Ndani, baba, ungechelewa kutoka. Kuna mzinga wa nyuki umewekwa kioo ubavuni, na bomba limetoka nje dirishani, nyuki wanaingia na kutoka na kazi zao huku unawaangalia kama unachungulia jikoni kwa jirani. Nilimtafuta malkia mpaka macho yakauma. Kuna sumaku, watoto wanavutia nayo misumari. Kuna darubini ya kutazamia vitu vidogo. Nilitia jicho nikaona unywele wangu mnene kama kamba ya kufungia ng'ombe, nikamtukuza Mungu pale pale, maana kama hata unywele ameutengeneza hivyo, hakuna alicholipua. Kuna mamba wa ziwani amekaushwa, mdomo wazi, na kibao kinasema mguse. Sikumgusa. Kabula alimtia mkono mpaka kooni. Akina mama wamekaa na watoto wachanga, wanakula mihogo kwenye benchi, hakuna anayewafukuza. Nikawa naangalia nani atakuja kudai hela. Hakuja mtu.

Nilikuwa bado nashangaa wale nyuki nikasikia Kabula ananiita toka upande wa pili. Haniiti kwa kelele, ananiita kama mtu aliyeona ndugu sokoni. Nikaenda. Kwenye meza ya chini, ya watoto, kulikuwa na taya. Taya kubwa kama jembe la kukokotwa na ng'ombe, na ndani yake meno. Mifereji ile ile, baba. Ubao wa kufulia ule ule. Akaniambia, "Bibi, jino la guku lina wenzake."

Nikakaa kwenye kistuli cha watoto, nikafunua kanga.

Alikuwapo binti mmoja pale, anayeeleza watoto, amevaa koti jeupe limemzidi. Akaja akachuchumaa, akaniamkia vizuri, akalishika jino kwa mikono miwili kama unavyopokea mtoto. Nikamwambia yote, la jitu, la mganga, la Mama Yunis. Hakunicheka. Akasema, "Mama, huyu ni tembo. Mzee sana."

Mhuli kwa lugha yetu, baba. Sisi tunajua pembe, tunajua nyayo, tunajua walivyokuwa wakitupitia mashambani zamani. Nani aliwahi kumfungua tembo mdomo?

Nikamuuliza lile swali lako jingine, mbona upande mmoja limelika likawa laini kama kokoto. Ndipo akanieleza, na hili nisikilize vizuri. Tembo hang'oi meno kama Kabula, jipya likachipua chini yake. Jipya linatokea nyuma, linasukuma la zamani mbele, linaisha, linakuja jingine, hivyo mpaka yanakuja ya mwisho. Yale ya mwisho yakilika, hakuna mengine. Hapo tembo ana nguvu, masikio yake mazima, njia zote anazijua, lakini magome hawezi tena, matawi hawezi. Basi anawaacha wenzake. Anashuka peke yake mtoni, kwenye majani mateke, malaini, kwa sababu yale anaweza kuyatafuna kwa ufizi. Anakaa pale mpaka siku zake zinatimia. Ndiyo maana, akasema, meno ya hivi yanaokotwa kwenye kingo za mito.

Nilikuwa nakuona wewe. Ulivyokuwa unaniomba nikuwekee matobolwa, vile viazi vyetu vya kuchemsha na kukausha, unaviweka mdomoni unavizungusha, halafu unavitoa unampa Kabula ukisema umeshiba. Nikaanza kuviloweka, nikavitwanga, nikakupikia uji wa karanga, na wewe ukasema, "Kwa Maduhu wanakula vya vijana." Nilidhani ni utani. Pale kwa Maduhu wote wana meno, baba. Ugali wao mgumu, nyama yao ya kuvuta. Na wewe, mwenye mji, ungemwambiaje mke wa mwanao kwamba huwezi tena kutafuna?

Nililia kidogo pale mezani. Watoto wa watu wakanitazama, yule binti akawapeleka kwenye sumaku.

Nikataka kulifunga jino nirudi nalo. Akanizuia kwa upole. Akasema kitu chochote cha tembo ni nyara ya serikali, jino nalo pia, na njiani nikikutwa nalo sitapata wa kunitetea. Hofu ikanipanda; kumbe miaka yote tulikuwa tunakunywa maziwa juu ya kesi. Akasema nikiliacha pale, wao watawaarifu watu wa wanyamapori, na litakaa kwenye meza ya watoto, lishikwe. Nikalipapasa kwanza. Kuliacha mjini, mbali na zizi, mbali na wewe. Nikamuuliza, nikitaka kuliona? Akasema, "Mlango ni huo, Mama. Hakuna kiingilio."

Basi nikaliacha. Akaandika kadi, nikamsomea aliyoyaandika ili nihakikishe: jino la tembo mzee, limeokotwa na mzee Lubinza, ukingo wa mto, Mwamapalala. Jina lako liko Mwanza, baba, ndani ya ghala la pamba yako.

Jumamosi nikapanda gari kwenda kwa Maduhu. Mke wake akanipa kigoda. Mwenyewe alikuwa zizini, ndama wawili wamesimama, bwana mifugo ameshawachoma sindano, alisema ni kupe. Nikamweleza kaka yote, tangu yule mzee asiyepepesa mpaka majani ya mtoni. Hakunitazama, aliendelea kukuna shingo ya ndama. Nilipofika kwenye uji alisimamisha mkono. Halafu akasema, kama anaongea na ndama, "Kumbe alifuata uji."

Aliingia ndani akatoka na kibuyu cha maziwa ya mgando, akanipa kwa mikono miwili, akasimama mpaka nikamaliza. Ni mara ya kwanza tangu msiba. Mlango wa zizi sasa umeegemezwa jiwe la kawaida tu. Nililikalia. Si tamu kama lako.

Mama Yunis nimemweleza pia. Akasema basi tembo naye ni wa Bwana. Alhamisi atakuja.

Baba, nikuache upumzike. Kaka amesema baada ya kuuza pamba twende wote Mwanza, akaone. Nitampeleka. Nitamwonya kuhusu yule mzee wa mlangoni, au labda nitanyamaza nione kama atamvulia kofia. Tutakwenda mpaka kwenye meza ya chini, nimsomee kadi, naye atie mkono wake kwenye mifereji. Na nyumbani kwangu, mzee yeyote atakayeingia, yangu ni kumwekea uji kwanza, kabla sijamuuliza amefuata nini. Hilo nimekuahidi mbele za Mungu.

Wabeja, baba, asante kwa yote. Lala kwenye majani mateke.

Binti yako,
Minza