Hapa Hapana Zuhura

Maskati, Jumatano

Mama yangu,

Shikamoo, na shikamoo nyengine ya ziada kwa hilo goti lako. Linakusumbuaje siku hizi? Ile dawa ya kuchua niliyokuletea unaitumia, au umeshampa jirani? Nakujua. Mimi mzima, nakula, nalala, na joto la huku nimelizoea kama mtu anavyomzoea mkwe mkali.

Utajiuliza kwa nini leo karatasi na si simu. Simu yako ukiifungua nyumba nzima inasikia, kisha kila mtu anampelekea Ami Haji maneno kwa namna aipendayo. Safari hii nataka ayasikie yalivyo. Barua anakuja nayo Bi Shani, jirani yetu wa huko nyumbani, aliyekuwa huku kutembea na anarudi Mpendae kesho. Ukishaisoma peke yako, mwite ami yangu umsomee neno kwa neno, na usipunguze chumvi.

Nimeambiwa anakitaka chumba changu cha uani atilie magunia ya mwani wake. Kwamba mwezi ukiandama ataleta fundi akate kufuli. Na kwamba ulipomwambia chumba kina mwenyewe alikujibu, "Asiyekuwapo na lake halipo." Mama, niliposikia hivyo hasira zilinipanda. Chumba kile marehemu baba alikijenga kwa mkono wake, mimi nikimpa tofali moja moja, na siku ya kukiezeka akaniambia, "Hiki chako, uolewe usiolewe." Ndani mna kitanda changu na cherehani yake. Leo kiwe ghala la mwani, na harufu ile?

Lakini kabla sijamjibu, nikuhadithie yaliyonikuta kazini Jumatatu, maana jibu lenyewe limetoka huko, na wewe umo ndani yake.

Kazi yangu hapa hospitali unaijua, ni kutunza kompyuta. Si hizi za mezani. Ninayoitunza ni ile kubwa, seva ya mfumo wa Yuniksi, inayowaonesha madaktari picha za mifupa na vifua vya wagonjwa. Picha zenyewe hazikai ndani ya seva. Zinakaa kwenye kabati la diski lililo pembeni yake, na kabati hilo limegawiwa vyumba vyumba. Seva ikitaka picha inapita kwenye kebo, inapiga hodi kwenye kabati, inafunguliwa. Basi Jumapili usiku kadi ya seva inayoshika kebo hiyo iliungua. Fundi akaja akatia mpya, akaenda zake. Jumatatu asubuhi seva imewaka vizuri, lakini vyumba havionekani, hata kimoja. Daktari anamwita mgonjwa ndani, skrini tupu.

Nikaanza kutafuta. Kebo nzima. Taa zote kijani. Swichi ya katikati, inayounganisha kebo ya seva na ya kabati, inaziona pande zote mbili. Nikaiamuru seva itazame upya, ikatazama, ikaniambia haioni kitu. Nikaliuliza kabati lenyewe, likanijibu vyumba vyote vipo, vizima, vimejaa. Huyu anasema vipo, yule anasema havipo, na mimi katikati kama kadhi.

Mkuu wangu ni Bwana Nasor. Amezaliwa huku, lakini mama yake ni mtu wa Malindi pale mjini kwetu, kwa hiyo hunigombeza kwa Kiswahili kitupu. Akaja akasimama nyuma ya kiti changu, simu ya madaktari inalia mfukoni mwake.

"Zuhura, nshawauliza waliotuuzia kabati. Wanasema futa hivyo vyumba, tuunde vipya, turejeshe nakala ya akiba."

"Nakala ya lini, Bwana Nasor?"

"Iliyopo."

"Iliyopo ni ya kabla ya Idi. Na waliopigwa picha tokea Idi?"

"Watapigwa tena."

"Aliyevunjika mguu akaungwa ukapona, avunjike tena ndo tumpige picha?"

Hakucheka. Aliinama mpaka nikasikia harufu ya udi kwenye kanzu yake. "Mie sina muda wa mzaha. N'nakwenda kusali Adhuhuri. Nikirudi, ama vinaonekana ama unafuta. Hutaki, yupo atakayetaka, na kitambulisho chako utakiacha mlangoni."

Niliogopa, mama, sikufichi. Kibali changu cha kukaa nchi hii kimo mkononi mwake. Lakini nikaikunja mikono kifuani nikamwambia, "Basi mwite huyo anayetaka. Mie sifuti kitu kilichopo kwa sababu kuna asiyekiona."

Akatoka. Nikabaki naitazama ile skrini, machozi karibu, na simu yangu ikalia. Ujumbe wa watu wa mizigo wa Darajani, wale niliowatumia vitenge vyako: mzigo umerudishwa, nyumbani wamesema hakuna mtu kwa jina hilo. Nikaona hii sasa ndiyo siku yangu ya mikosi imetimia. Nikakupigia.

Unakumbuka ulivyonijibu? "Kaja mwanamme na vespa, anauliza hapa ndo kwa kina Zuhura? N'kamwambia hapa hapana Zuhura, katazame nyumba ya mbele."

"Mama! Zuhura si mimi?"

Ukaniuliza: "Wewe si Mize?"

"Mize wa nyumbani, mama. Skuli baba aliniandikisha Zuhura. Pasi yangu ya kusafiria Zuhura!"

"Yarabi! Hilo jina la skuli mie nalijulia wapi? Umri wote huu nakwita Mize. Angesema kwa kina Mize, ningempa na chai."

Tukacheka mpaka wahudumu wakachungulia mlangoni. Kisha mimi kicheko kikanikatika, nikakukatia simu bila kukuaga. Ulikasirika, najua, ulimpigia Bi Shani naye kaniambia. Sababu ndiyo hii.

Kabati lile, mama, halimfungulii kila mpiga hodi. Linawafungulia linaowajua kwa jina. Na jina si la seva, ni la ile kadi: kila kadi inatoka kiwandani na jina lake, refu, herufi na tarakimu. Kadi ya zamani iliungua na jina lake. Kwa hiyo seva ni ile ile, haja yake ile ile, lakini tokea kubadilishwa kadi ilikuwa inapiga hodi kwa jina ambalo ndani hawalijui. Na kabati likawa linaijibu kama ulivyomjibu yule wa vespa: hapa hapana huyo, katazame nyumba ya mbele. Nimesomea kazi hii, nimeifanya siku zote, na asubuhi nzima nilikuwa nakagua mlango badala ya kuuliza mgeni amejitaja nani.

Nikaliandikisha jina jipya kwenye kabati, na kwenye swichi pia, maana nayo ni mlinzi wa njia. Nikaiambia seva itazame tena. Kikatokea chumba kimoja, kikafuata cha pili, vikaja vyote. Nikafungua picha ya jana yake, mkono wa mtu umevunjika juu kidogo ya kifundo. Sijapata kuufurahia mfupa uliovunjika kama siku ile.

Bwana Nasor alirudi, akatazama, akasema "Alhamdulillahi" na kuvuta kiti. "Umejuaje?"

"Mama yangu kamfukuza mtu mlangoni."

Hakuelewa, nami sikumfafanulia. Radhi hakuniomba, wala sikuingoja. Kitambulisho changu kingali shingoni.

Sasa nageukia kwako, Ami Haji, kama mama anakusomea. Methali yako naijua, ulitufunza wewe mwenyewe sote tukiwa wadogo, kila mmoja akichelewa chakula. Lakini ile ni ya wali, ami, si ya chumba cha mtu. Mimi sionekani, si kwamba sipo. Bati la chumba kile likivuja nani hutuma pesa za kutia jengine? Mwani wako nauheshimu, umesomesha watoto wako, ila utafutie pengine. Ukimleta fundi wa kukata kufuli, ujue unakata mbele ya macho ya ndugu yako aliyelala kaburini Mwanakwerekwe, na mimi nitapanda ndege siku ile ile, nitie kufuli jengine kubwa zaidi. Bwana Nasor ana kibali changu na sikumtii. Wewe una shikamoo yangu tu.

Mama, wewe usigombane naye. Simama mlangoni tu, umwambie chumba kina mtu. Hilo unaliweza, nimeshaona unavyofukuza.

Nisalimie shangazi wa Mkokotoni, mwambie dagaa wake nawala kidogo kidogo wasije wakaisha. Nisalimie kaka yangu aliye hotelini Nungwi, apunguze kujipiga picha aje akutazame. Dada yangu mkubwa mpe pole ya uzazi, na mtoto msimpe majina mawili, tafadhali. Na Ami Haji nisalimie kwa heshima zake zote: salamu zake zipo, chumba ndicho hakipo.

Vitenge vinakuja tena wiki ijayo. Safari hii nimewaandikia jina la nyumbani. Nami nikija nitapiga hodi kama mgeni, na ukiuliza nani, nitakwambia Mize. Fungua mlango wa mbele, mama. Wa uani nitaufungua mwenyewe, ufunguo ninao.

Mwanao,
Mize