Shemeji Anatunza Kadi Yangu, na Pesa Zinatoka Migori

Dada Bhoke, naomba unisaidie kabla Jumatatu haijafika, kwa sababu nyumbani siwezi kulisema jambo hili na kifuani halinitoshi tena.

Mimi ni mjane, nauza omena, dagaa wa ziwani, kisiwani Remba. Mume wangu Cephas alifariki mwaka jana tukamzika kwao Magunga, na binti yetu Phelesia sasa amepata nafasi katika chuo cha uuguzi, anatakiwa kuripoti Jumatatu akiwa amelipa karo. Karo hiyo iko benki, katika akaunti yangu mwenyewe ambayo Cephas alinisindikiza Homa Bay kuifungua, na siku ile alisimama nyuma yangu kwenye mashine, akafunika mkono wangu kwa kofia yake ya ziwani, akaninong'oneza, "Weka mwaka niliozaliwa, huo hutausahau," na mashine ilipolia nikaruka, akacheka mpaka askari wa mlangoni akacheka naye.

Baada ya mazishi nilienda peke yangu, vidole vikakataa, watu nyuma wakaanza kunung'unika, kijana mmoja akasema, "Mathe, hiyo si kioo ya kujiangalia," nikatoka bila kutoa chochote. Huku kisiwani mashine hakuna, na nikivuka ziwa omena inabaki juani bila mtu wa kuigeuza, kwa hiyo nilimpa kadi Bonface, ndugu mdogo wa Cephas, pamoja na namba ya siri, maana ndivyo wengi wetu tunavyofanya, anayekwenda bara anabeba kadi za wenzake. Nikihitaji pesa anatoa, ananitumia kwa simu, na sikuwahi kuona amenipunja.

Sasa, jumbe za benki huingia kwenye laini ya Cephas kwa sababu ndiyo tuliyoandikisha. Simu yake naiweka imezimwa, na nikitoka kanisani Sabato naiwasha nisikie sauti yake iliyorekodiwa, kuna mahali ananikumbusha ninunue chumvi, hakuna neno lingine, chumvi tu. Sabato iliyopita ilipowaka tu zikaingia jumbe za benki, mmoja juu ya mwingine, kwamba pesa zimetolewa mjini Migori, na mimi sikuwa nimemtuma mtu. Nikampigia Bonface.

"Shem, kadi iko wapi?"

"Iko hapa Magunga, ndani ya Biblia ya mama. Kwani kuna nini?"

"Ipige picha unitumie."

Nyuma yake nikasikia mitambo ya kusaga mawe, ile ya Osiri huko Migori kwenye machimbo ya dhahabu, ambayo Magunga haiko. Kisha akasema, "Min Phelesia, umeanza kuniita mwizi? Kaburi la Cephas nani alichimba, ni benki?"

Dada, ni kweli alichimba. Tena ndiye aliyesimama mbele ya wazee nisitolewe kwenye boma, na mama mkwe anaishi kwake. Amesema atakuja Jumapili tuongee. Nikifunga kadi nitakuwa nimemshtaki bila ushahidi, nikimngoja naogopa kitakachobaki. Jirani yangu Benta ananiambia nibadilishe namba, lakini ile namba aliichagua Cephas, nikiibadilisha naona kama namzika mara ya pili. Nimngoje Jumapili?

Mama Phelesia, Remba

*

Mama Phelesia, majina yenu nimeyabadilisha, na jibu hili nimekutumia kwa simu kabla msomaji mwingine hajaliona, kwa sababu Jumapili ya kungoja huna.

Pole sana. Ile sauti ya chumvi iweke, hakuna anayekudai uifute. Lakini nikuulize: msalaba wa Cephas umeandikwa nini? Jina, mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kufa. Namba yako ya siri imeandikwa kwa rangi pale bomani, na kila aliyekuja kutoa pole ameisoma. Yeyote aliyeshika kadi hiyo angeweza kuijaribu. Kwa hiyo labda ni Bonface, labda kadi imepita mikono mingine huko machimboni. Sijui, na wewe hujui. Ila kuhusu Magunga amekudanganya, na hilo ulilisikia kwa masikio yako.

Kadi hufungwa hata ikiwa imeangukia ziwani. Humshtaki mtu. Piga simu benki sasa hivi, kwa namba iliyo kwenye karatasi walizokupa ulipofungua akaunti, si ya mtu yeyote anayekupigia akijiita benki. Watakuuliza maswali wajue ni wewe. Namba ya siri hawaiulizi, mtu akiiuliza, kata simu. Kubadilisha namba hakutakusaidia leo, maana kadi huna.

Kesho panda boti ya kwanza na Phelesia na kitambulisho chako. Omena itageuzwa na Benta, kwa kuwa anapenda kushauri. Waambie benki wailipe karo moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo, jumbe ziingie kwenye laini yako, na wakuchapishie yote yaliyotoka. Ukiulizwa, sema kwamba namba uliitoa mwenyewe. Huenda zilizokwenda zisirudi kwa sababu hiyo, na itauma, lakini uongo utakuharibia hata hicho kidogo kinachoweza kurudi. Kadi mpya ipe namba isiyo mwaka wa mtu, usiiandike popote, usimpe hata Phelesia. Vidole vikikataa tena, pesa hutolewa kaunta pia, na hakuna aibu. Cephas alikufunika mkono hata askari asione, halafu wewe ukaigawa namba kwa ukoo. Nakukemea kwa upendo, lakini nakukemea.

Bonface usimpigie. Kama kadi kweli imelala ndani ya Biblia, hatajua imefungwa. Akija Jumapili bila habari yoyote, mpikie, umwombe radhi kwa ulivyomhoji, na uchukue kadi yako. Lakini akikupigia kabla ya hapo kuuliza kwa nini mashine imekataa, usigombane naye. Mwambie karo imeshalipwa.