Mabano ya Ishirini na Nane

Igowole, 3 Februari 2024

Mdogo wangu Vitus,

Kamwene. Sisi wazima, ukungu na baridi tu. Natumai na ninyi huko Soweto ya Mbeya hamjambo. Nakuandikia karatasi kwa kuwa simu umenifungia.

Jana mwalimu mwenzangu kaja na kijitabu kinaitwa Nne Nne: unapewa tarakimu ya nne, uitumie mara nne tu, upate namba unayotakiwa. Jaladani pameandikwa, “Mafumbo yote yamebuniwa na Vitus Kihwele.” Nimechukia sana. Yale ni mafumbo ya baba, niliyoandika naye miaka miwili aliyolala kitandani. Daftari ulilichukua kwenye matanga, ukasema unakwenda kutoa kopi. Nirudishie.

Dada yako,
Yusta

Mbeya, 20 Februari 2024

Dada,

Shikamoo, maana heshima bado ninayo. Sisi hatujambo.

Hilo daftari hata sijui nililiweka wapi. Mafumbo nimeyaumizia kichwa mwenyewe, moja baada ya jingine. Namba nne si shamba la ukoo uje kuniwekea mpaka. Na kumuuguza baba hakukukufanya mtunzi. Acha wivu.

Mdogo wako,
Vitus

Igowole, 2 Machi 2024

Vitus,

Marahaba. Tu wazima.

Fungua kijitabu chako ukurasa wa kumi na moja. Ishirini na nane: 4 + 4 × 4 − 4. MAGAZIJUTO tulifundishwa wote: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Kuzidisha kunatangulia kujumlisha, kwa hiyo hapo jibu ni kumi na sita. Mabano yako wapi?

Nitakuambia. Baba alikuwa hawezi tena kushika kalamu. Akasema, “Nne jumlisha nne,” akanyamaza akitafuta pumzi. Kisha, “Mara nne, toa nne.” Nikaandika alivyotamka. Mabano yalikuwa ile pumzi. Kesho yake akafariki, na wewe uko huko huko Mbeya, Mwanjelwa, unasema mabasi yamejaa.

Sasa niambie, kosa lile ulilibuni na nani? Nataka daftari.

Dada yako,
Yusta

Mbeya, 19 Julai 2024

Dada,

Shikamoo. Umeshinda. Chapa ya pili ni hiyo, jina la baba na lako juu, langu chini. Daftari linakuja na basi la kesho, muulize kondakta Obeid. Hata ile ishirini na nane nimeshaisahihisha, usije ukaniumbua tena. Sasa niache.

Mdogo wako,
Vitus

Igowole, 23 Julai 2024

Vitus,

Hali yako siiulizi.

Daftari limefika. Ukurasa wa mwisho umeweka mabano kwa kalamu nyekundu, juu ya mwandiko wangu, na pembeni ukaandika “sahihi”. Kwenye kijitabu ungeweka hata mia, nisingesema kitu. Hapa nimejaribu kusoma kama baba alivyosema, nikashindwa. Naisoma moja kwa moja sasa, hakuna pa kupumua.

Jina langu litoe. Tulichobaki nacho mimi na wewe ni hiki, wala hakihitaji mabano: 4 − 4 + 4 − 4. Jibu unalo.

Yusta