Vioo vya Ukumbi wa Uriri

Soko la Uriri,
Migori.
Jumatatu, 14 Julai 2025

Mpendwa kaka Masese,

Salamu kutoka kwetu sote. Hujambo huko Doha? Joto linakuacha ulale? Mgongo je, bado unakusumbua ukishuka ngazi? Mama hajambo, ila magoti. Mimi nina jeraha mkononi, nitakueleza. Nyatichi ataipiga picha barua hii akutumie kwa WhatsApp, maana kwa simu ningekutusi.

Kaka, mpwa wako Nyatichi ana TB. Ndiyo, umesoma vizuri. Alikonda, tukasema ni mazoezi. Akaanza kuloa jasho usiku, tukasema blanketi ni zito. Yale mashindano ya karate ya Homa Bay aliyochaguliwa yamefanyika akiwa kitandani anameza vidonge, na sare yake hataki hata kuiona.

Aliyeanza kukohoa ni mwalimu wao, Dishon. Unajua asubuhi huchimba dhahabu Osiri, jioni anafundisha karate mle ukumbini sokoni. Hakuna aliyeshtuka, kwa sababu hapa kila anayetoka Osiri anakohoa. Tulisema ni vumbi la mgodi, na vumbi haliambukizi mtu. Hata yeye aliamini hivyo, maskini, mpaka siku aliyotema damu mbele ya watoto. Yeye simlaumu.

Ninayemlaumu ni wewe, Mungu anisamehe. Daktari aliniuliza kama ukumbi una madirisha. Nikasema yapo, makubwa, mazuri, ila hayafunguki. Akatikisa kichwa.

Zamani palikuwa na wavu wa chuma tu, na upepo ukipita. Ukaja likizo Desemba, fundi wa vioo kutoka Doha, ukaweka vioo vizima visivyo na bawaba, kama vya maghorofa yenu. Lakini huko mna mashine za hewa, Masese! Hapa tuna watoto wanarusha mateke, kila teke na kelele zake, wote wakivuta hewa ileile ya mtu anayekohoa. Daktari anasema vidudu vya TB hukaa hewani kwa masaa, na upepo ndio huvitoa. Wewe upepo uliufungia nje. Tenda wema nenda zako, na kweli ulienda zako.

Siku ile tulishangilia. Kina mama walisema sasa baridi haitawapiga watoto wakiwa na jasho. Hata sisi Wakisii wa kuja tuliheshimiwa sokoni.

Sasa majirani wamemtengea Nyatichi kikombe na sahani. TB haipiti kwa kikombe, na daktari anasema kwa dawa alizokwisha kumeza haambukizi mtu tena. Lakini watoto wao wanawapeleka ukumbini kila jioni na kufunga mlango. Wacha nisiseme zaidi.

Nilimwendea Mzee Obare, mwenyekiti wa ukumbi, nikamwomba avitoe. Akasema kitu cha zawadi hakiguswi kama mwenyewe hajaruhusu, ni kumtukana. Akakupigia, nawe ukajibu visiguswe, utaleta feni Desemba. Feni! Feni itazungusha hewa ileile tu. Najua alikutajia joto tu, anaona aibu kutamka TB.

Jana nilipita kwa mkeo Orpah. Mwanao Onyancha anakohoa, na mazoezi yake ni mle mle. Orpah anasema ni baridi ya Julai. Amemvika sweta mbili na kumfungia dirisha. Nilimsihi ampeleke hospitali, akaniita mwehu.

Nikatoka pale nikaenda ukumbini, nikaokota jiwe. Nimevunja vyote, kaka, hata kile kidogo cha juu ya mlango ulichoandika jina la baba. Hicho ndicho kilichonikata mkono.

Obare atakupigia akilalamika. Mwache alalamike. Wewe mpigie Orpah, umwambie ampeleke Onyancha akapimwe leo, si kesho. Mimi hanisikii, wewe atakusikia.

Wasalimie Benard na Omosa na wenzako wote. Mama anakusalimu, na Nyatichi pia, anasema hana kinyongo nawe. Mimi bado ninacho. Mungu akulinde katika kila pumzi unayovuta.

Dada yako akupendaye, hata akiwa na jiwe mkononi,

Bathsheba