Uzi wa Viriba

Jumatatu, 8 Agosti 1966
Nimeswali, nimepaka nyuzi nta, kama kila siku. Kisha Haji, mwenye karakana, katuambia viriba vyetu vya maji havina mkaguzi tena. Kila mtu akague kazi ya mwenzake kabla ya kuongeza yake. Akiona kasoro, arudishe. Mkaguzi nilikuwa mimi. Nimeudhika. Abdi mshonaji katabasamu. Huyu katokea Diff, mpakani kabisa na Somalia. Anatabasamia nini?

Jumanne, 9 Agosti
Nta imekwisha. Malori hayaji, barabara ina waasi wa shifta. Nimepaka nyuzi mafuta ya mkia wa kondoo. Yapo tele. Sikumwambia mtu.

Jumatano, 10 Agosti
Viriba viwili vimefika kwangu nivifunge midomo. Mshono wa Abdi umelegea shingoni. Anafanya makusudi, najua. Sikurudisha. Wacha viende, atajulikana.

Ijumaa, 12 Agosti
Vilichukuliwa na askari wa doria. Maji yamevuja yote kabla ya kufika Habaswein. Mmoja wao karudi amebebwa kwa kiu. Ofisa kaja, kauliza nani ameharibu. Nikamtazama Abdi, basi. Ilitosha. Wamempakia garini.
Nimefurahi. Hapa kwangu hakuna mwingine asomaye Kiswahili, kwa hiyo naandika kweli.

Jumamosi, 13 Agosti
Mama Halima, mparuaji wa ngozi, kafumua kiriba kimoja kilichorudishwa. Kanusa uzi.
"Wallahi, hii ni mafuta ya kondoo. Jua ikipiga, uzi nateleza. Abdi iko na kosa gani?"
Nikamkasirikia yeye kwanza. Nyuzi napaka mimi.

Jumapili, 14 Agosti
Sijala. Wanasema wa Diff wakiingia kule kituoni hawatoki upesi. Nikisema, nitaingia mimi. Naogopa.

Jumatatu, 15 Agosti
Nimekwenda kituoni, Haji na Mama Halima nyuma yangu. Nimesema uzi ni wangu. Nikasema na lile baya zaidi: kasoro niliiona, nikanyamaza. Ofisa kanifungia.

Alhamisi, 18 Agosti
Nimetoka jana. Abdi naye. Leo yuko kazini, mdomo umevimba, jicho moja halifunguki. Nta imefika. Nimempa uzi. Kaunusa. Kaugeuza, kaunusa tena, polepole, mbele yangu. Ndipo akautia kwenye sindano.
Kesho ataunusa tena.