Mlango Tulioulaza

Dada yangu Zaina, ninayekuandikia nikijua hutajibu,

Nimekaa kitandani, daftari liko mapajani, na shingo imepinda vile ulivyokuwa unanikataza. Ungekuwepo ungesema, "Profesa, nyoosha mgongo, huo bado una kazi nyingi." Nami ningenyoosha. Sasa hakuna anayeniambia, na mgongo wenyewe umezoea kubaki hivi.

Uliporudi kutoka Tanga na kompyuta begani, majirani walidhani umeachishwa kazi. Uliwaeleza kwamba kazi ni ileile, ya kusikiliza mikutano iliyorekodiwa na kuandika kila neno, ila sasa unaifanyia nyumbani. Hawakukuelewa. Hata Mama hakukuelewa. Akikukuta mezani na hedifoni masikioni alikutuma maji.

"Niko kazini, Mama."

"Kazini wapi, na umekaa tu?"

Meza ilikuwa ileile tunayolia chakula. Ulikuwa ukiandika maneno ya wakubwa wa watu huku yeye akichambua maharage upande wa pili, na kuku wakipita chini ya miguu yenu. Jioni ulishika kiuno kama bibi kizee. Ndipo ukaomba chumba cha viazi.

"Na viazi vyangu vya mbegu vikalale wapi?" Mama akauliza.

"Chini ya kitanda changu."

"Ulale na viazi?"

"Kama naweza kulala na huyu anayesoma jiografia usingizini, viazi vitanishinda nini?"

Mama alicheka, na kwetu Mama akishacheka jambo limekwisha. Siku ileile tulianza kutoa magunia. Chumba kilinuka udongo na hatukuweza kuiondoa harufu ile, tukaizoea. Ulichagua kukaa karibu na dirisha linalotazama bonde, kwa sababu hapo tu mtandao ulishika. Kisha ukageuza kila kitu, kwa sababu jua la asubuhi liliingia moja kwa moja kwenye kioo cha kompyuta. "Mwanga utoke ubavuni," ulisema, "usitoke usoni wala mgongoni." Nililiandika neno hilo nyuma ya daftari la hesabu. Nilikuwa naandika karibu kila ulichosema.

Meza hatukuwa nayo. Tulikuwa na mlango wa nyumba ya zamani ya Babu, ule wa mbao ya mti wa mkulo, ambao tangu nyumba ilipobomolewa ulikuwa umeegemezwa nyuma ya jiko ukinyeshewa. Tulipousugua kwa maji ya moto ukatoa harufu yake kama dawa ya kifua. Tukaulaza juu ya matofali. Mara ya kwanza ulikuwa juu mno, mabega yako yakapanda hadi masikioni, nikakucheka. Ukakaa, ukakunja mikono, ukaniambia niondoe tofali moja kila pembe mpaka viwiko vyako vikawa sawa na ubao. Chini yake lilibaki komeo la zamani, na kila mmoja wetu lilimwachia alama gotini. Tundu la kitasa ulilipitishia waya wa chaji. Ulifurahi kuliko siku ya mahafali yako. "Ona," ulisema, "Babu alikuwa ameshatuachia tundu."

Halafu ukaniuliza, "Wewe utakaa upande gani?"

Nikasema sihitaji, nitasomea sebuleni.

Ulikunja waya, ukafuta vumbi dirishani. Baadaye, bila kunitazama, ukauliza tena, "Upande gani, Profesa?"

Nikasema, "Wa kushoto."

Ukachukua penseli na rula yangu, ukachora mstari katikati ya mlango, kulia wewe na kushoto mimi.

Wewe ulinijua. Tumelelewa kwamba ukikaribishwa chakula useme umeshiba, mwenye nyumba asisitize, ndipo unawe mikono. Watu wote wa huku wanafanya hivyo na wote wanakula. Lakini mimi adabu hiyo imenizidi. "Hapana" yangu ya kwanza hutoka kabla sijafikiri, na "ndiyo" huchelewa sana, na watu hawana muda. Mwalimu akiuliza nani ana swali, nakuwa nalo akiwa amekwisha kufuta ubao. Ni wewe tu uliyekuwa unauliza mara ya pili.

Nakumbuka mvua ikigonga bati mpaka husikii kitu kwenye hedifoni, tukakata maboksi na kuyabana darini kwa magunia. Mvua haikupungua sana, lakini tulisema imepungua. Nakumbuka ukinivisha hedifoni nimsikilize mzee fulani wa mkutanoni anayekohoa kila anapotaka kukataa jambo. Nakumbuka miezi ya ukungu, dirisha jeupe tupu kama karatasi, na wewe ukitaka kuingiza jiko la mkaa, na Mama mlangoni akisema, "Ingizeni. Kesho niwatoe mmeshalala moja kwa moja." Tukajaza chupa maji ya moto, tukaifunga kwa kanga kuukuu na kuiweka chini ya meza, miguu minne juu ya chupa moja. Sijawahi kukaa mahali nikajisikia nimekaa kama pale.

Kifua chako kilianza kama mafua ya kila mtu. Ulikuwa unakohoa unasimamisha sauti, unarudisha nyuma, unaandika tena. Mama akikuambia upumzike unasema, "Namalizia ukurasa huu." Ulipelekwa hospitali ukiwa umevaa sweta langu la shule, na hukurudi nalo.

Daktari alisema ni mapafu, na kwamba ugonjwa ulikuwepo muda mrefu. Lakini msibani, nilipokuwa naosha sufuria, nilimsikia mama mmoja akisema, "Kale kachumba ndiko kalikomla. Baridi ya kukaa ni mbaya." Mwingine akamjibu, "Na mlango wa marehemu mzee, kuulaza kama maiti. Watoto wa siku hizi." Sikugeuka. Nimesoma vitabu vingi, Dada, na najua mlango hauui mtu. Lakini nikiwa peke yangu nayakumbuka matofali, jinsi nilivyoyabeba mawili mawili ili tuwahi kumaliza. Tulikuwa tunatafuta pa kukaa vizuri tu. Kama hata hilo lina adhabu yake, sijui mtu afanye nini.

Siku ya arobaini yako, baada ya dua, Baba Mkubwa aliyepanda kutoka Mazinde alikaa kwenye mkeka kugawa vitu vyako. Simsemi vibaya. Tangu Baba afariki yeye ndiye anayetusimamia, na alikuwa analia waziwazi. Kompyuta ilikuwa ya kazini kwako na ilikwisha kurudishwa. Nguo zilikwenda kwa shangazi. Kisha akaniita.

"Na wewe, mama, unataka nini cha dada yako?"

Nilijua ninachotaka. Nilikuwa nimekirudia moyoni tangu alfajiri: chumba kibaki kilivyo, na meza ibaki. Mwakani nina mtihani wa kidato cha nne, na ulisema tutausomea pale, wewe kulia na mimi kushoto. Nilitaka hata upande mmoja ubaki na mtu.

Nikasema, "Chochote mtakachoona kinafaa, Baba Mkubwa."

Wazee wakaitikia kwa vichwa. "Mtoto ana adabu," shangazi akasema. Nikapewa mtandio wako wa kijani. Niliushika na kusubiri. Nilidhani atasema, "Huo tu? Hebu sema vizuri." Alikwisha kugeukia mambo mengine.

"Kuna ule mlango wa mzee," akasema. "Banda langu la nyuma kule chini bado liko wazi. Yupo mwenye shida nao?"

Aliwatazama wote, mimi nikiwemo. Mama akanitazama. Mimi nikatazama mkeka.

"Basi utasaidia," akasema. Walipouinua kutoka kwenye matofali aliupangusa kwa mkono wa kanzu yake, polepole, kwa sababu ulikuwa mlango wa baba yake. Hakuna aliyeona meza katika mlango ule isipokuwa mimi.

Viazi vimerudi. Jioni moja Mama aliniambia, "Ungesema, mwanangu. Ungeninong'oneza hata mimi kwa Kishambaa, ningekusemea."

"Nilikuwa nasubiri aniulize tena."

"Aliyekuwa anakuuliza tena ni mmoja tu," Mama akasema, akaenda kufunga kuku.

Juzi Mama alinituma Mazinde kwa Baba Mkubwa na kikapu cha mapeasi. Nilishuka milima asubuhi na sweta mwilini, nikafika kule chini nimelivua na bado natokwa jasho. Mbele hapakuwa na mtu. Nikazunguka nyuma, na pale kwenye ukuta wa banda mlango wetu ulikuwa umesimama.

Duara lililoachwa na kikombe chako cha chai liko usawa wa macho yangu. Mstari wa penseli haujafutika, unakatiza katikati. Upande wako umekuwa juu, na wangu umekuwa chini, na tayari umeshika vumbi. Katika tundu la waya wetu kuna kitasa kipya kinachong'aa. Komeo la zamani, kwa upande wa ndani, bila shaka limerudi kazini, na sidhani kama litaumiza goti la mtu tena. Niliweka pua kwenye ubao. Kwa joto lile harufu ilikuwa kali kuliko ilivyowahi kuwa kwetu.

Nikabisha hodi. Niligonga upande wako. Najua ni upuuzi, maana kwetu hodi ni ya kumjulisha aliye ndani, na nilijua hilo ni banda la majembe. Nilisubiri mpaka nikasikia aibu, kisha nikagonga tena, kwa kuwa wewe ungegonga tena.

Mama mmoja aliyekuwa anaanika mpunga ng'ambo ya ua akainua kichwa. "Hamna mtu humo, mwanangu. Wenyewe wako shamba."

"Shikamoo, mama. Nimeona."

"Marahaba. Umetoka juu na jua hili? Njoo kivulini nikupe maji."

"Asante, mama. Sina kiu."

"Haya," akasema, akainamia mpunga wake.

Nikakiacha kikapu mlangoni, nikarudi barabarani kusubiri gari la kupanda. Mate yalikuwa yamenikauka hata sikuweza kumeza. Nilikuwa na kiu, Dada. Nilikuwa na kiu sana.

Lala, usijibu.

Mdogo wako,
wa upande wa kushoto